Hatua Mia Nne na Kumi hadi Kwenye Mkate

Jumatatu, 6 Mei
Shajara yangu mwaminifu, salamu nyingi kwako na kwa kurasa zako ambazo bado ni nyeupe. Niwie radhi kwa kukawia wiki nzima. Nilikuwa nikipima njia.

Binti yangu na mumewe wananunua nyumba. Ipo moja hapa mtaani: vyumba vitatu, uwanja wa kuanika shuka mbili. Ipo nyingine huko kiungani: uwanja mpana, banda la magari mawili, jirani wa kumtazama kwa darubini. Mkwe anaitaka hiyo. Atatia saini Jumamosi, saa nne asubuhi. Nami, tangu marehemu mke wangu atangulie, nala chakula cha jioni na redio.

Kutoka nyumba ya hapa hadi kwa mwoka mikate: hatua mia nne na kumi. Dakika sita! Nitamtembeza mkwe, ajionee.

Jumatano, 8 Mei
Nimewaomba majirani wasimame nje, wamkirimu mkwe kwa salamu. Fundi viatu ameapa kwamba mkwe atasalimiwa mpaka akome. Muuguzi mstaafu akauliza kama avae sare. Nikamwambia, tafadhali.

Alhamisi, 9 Mei
Ole wangu. Fundi viatu alimwuliza mkwe habari za nyumbani, za kazini, za wazazi, kisha za magoti ya mama yake, kila goti kwa zamu. Muuguzi akasimulia surua ya binti yangu, siku baada ya siku. Mkwe alitoa shikamoo kumi na nne. Ya mwisho haikuwa na sauti. Zile dakika sita zikawa muda wa saa moja na dakika arobaini. Mkate umekwisha!

Mkwe akasema, kwa adabu zote: “Baba, kule nikitaka mkate nawasha gari, na gari haliulizi goti la mtu.”

Binti alicheka hadi akashika ukuta. Baadaye akaninong'oneza kwamba yeye mtaa ameupenda. Akaniomba nimwandikie mumewe, kwani barua yangu ataiheshimu.

Jumamosi, 11 Mei, saa mbili asubuhi
Barua tayari. Nimeomba radhi mara tano. Nimemsihi asitie saini leo saa nne kabla hatujatembea tena. Safari hii nimepunguza majirani, watakuwa kumi na wawili tu.

Hadi kwa mkwe ni mwendo wa nusu saa. Mchukuzi wa barua ni fundi viatu. Amekataa teksi, anakwenda kwa miguu, iwe ushahidi. Nimemsisitiza asimpite mtu bila salamu, kwani hiyo ndiyo hoja yetu.

Saa tatu na nusu. Namwona kutoka dirishani. Amefika kwa muuguzi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ameletewa kiti.

Mtaa mzuri ulioje!