Mtu wa Kumi na Nne Katika Nyumba ya Baba

Rafiki zangu mlio Kigoma, leo aibu imenivua kiatu. Kimoja. Kiko uani kwa Mama Asende hadi sasa, na sina uso wa kukifuata.

Mama Asende ni mpangaji wa baba hapa mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, nyuma ya soko. Mkataba wake (niliuandika mimi, kwa madaha yote ya mtunga riwaya) unasema watu watano. Vita ilipofika Kilembwe, mdogo wake alikuja kwa miguu na watoto sita na mama mkwe wake. Wakawa kumi na watatu. Baba akatuma neno kutoka huko mliko: wageni watoke, choo kitajaa.

Kwanza nikamuuliza karani wa mtaa sheria inasemaje.

"Andika barua," akasema. "Umusomee mbele ya bashahidi babili. Na usiingie bila ruhusa yake. Nyumba iko ya baba yako, lakini mulango iko yake."

Asubuhi hii nikasimama uani na majirani wawili, nimevaa viatu vya kanisani. Watoto wa Kilembwe walinitazama, miguu yao bado imevimba. Nikaanza kusoma. Barua ilikuwa tamu (nilimfananisha baba na mti uliochoka kubeba ndege. Mti!).

"Twende wapi, mwanangu?" Mama Asende akanikatiza. "Ku barabara iko basoda na bunduki."

"Mama, sheria ni sheria. Asiyeandikwa kwenye mkataba haishi humu."

Paa!

Risasi ya kwanza ilitoka upande wa ziwa. Ya pili ikachana jani la mgomba juu ya kichwa changu.

Sikumaliza sentensi. Niliwaruka watoto, kiatu kimoja kikanichopoka, nikampita mama mkwe mlangoni (bibi mwenye fimbo, jamani!), nikawa wa kwanza chini ya kitanda. Wengine, pamoja na mashahidi wangu, waliingia baadaye, bila kusukumana, kama watu waliozoea. Risasi zikasogea. Zikasogea tena. Bati la jirani likalia. Mdogo wake Mama Asende alikuwa akisali kwa Kibembe, midomo ikigusa sakafu. Mtoto mmoja akanishika kidole. Nikadhani mimi ndiye ninayemtuliza.

"Usiogope, kaka," akaninong'oneza.

Kimya kiliporudi, Mama Asende akachungulia chini ya kitanda.

"We, mwana wa mwenye nyumba. Nani alikupa ruhusa ya kuingia?"

Nikauvuta ndani mguu usio na kiatu.

"Na jina yako iko mu mukataba?"

"Hapana, Mama."

"Basi, toka inje."

Nje bado palinuka baruti, nami sikutoka chini ya kitanda. Nikautoa mkataba mfukoni, nikaomba kalamu. Niliandika nikiwa kifudifudi: majina manane ya wageni, moja baada ya jingine, kisha la kumi na nne, langu. Sheria ilitaka mashahidi wawili. Wakaweka sahihi huku wakicheka hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Mwambieni baba nyumba imejaa, tena kisheria. Habari ya kitanda itupeni ziwani.