Chupi Tatu kwa Zamu

Jumamosi, 9 Februari 1957

Leo nimepata jawabu la maisha yangu. Chupi za kuogelea! Si moja, si mbili. Tatu, kwa zamu.

Nieleze vizuri, nisije nikasahau mwenyewe. Nataka kumuoa Mwanakheir. Anakaa na kaka yake, Jecha, kwenye nyumba ya Mizingani yenye madirisha ya kijani yanayotazama bahari. Baba yao ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo neno ni la Jecha. Leo nimemfuata barazani kwake. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema hana kinyongo na mimi, ila hajapata kuniona nikimaliza kitu. Akahesabu kwa vidole. Fidla niliyojifunza mwezi mmoja. Kiingereza cha kwa posta nilichokiacha somo la tano. Chumba cha darini nilichokijenga kuta tatu. Nikamwambia ule wa nne nimeuacha makusudi kwa ajili ya upepo. Hakucheka.

Akatoa sharti. Jumamosi ijayo, maji yakijaa, watu wa Mizingani watashindana kuogelea kutoka ngazini hadi kwenye boya na kurudi, safari kumi. Yeye ndiye mwenye kuhesabu. Nikimaliza zote kumi, nishinde nisishinde, atawapokea wazee wangu. Nisipomaliza, nisimpigie hodi tena.

Kumaliza tu? Nitashinda! Na siri ya kushinda ni nguo. Hilo mji mzima hawalijui.

Jumapili, 10 Februari

Nimeshinda dukani Mlandege, ambako namuuzia mjomba vifungo na nyuzi. Nimefunga mlango nusu, nimechora jedwali la zamu. Limetoka zuri sana. Mistari nimeipiga kwa wino mwekundu.

Chupi zenyewe ni hizi. Nyeusi ya pamba, kashona fundi Makungu wa Ng'ambo. Haina makuu, ila ikirowa hulegea kiunoni. Nyekundu ya nailoni, kaniletea sahibu yangu Usi, baharia. Nyepesi mno. Ukiivaa huna hakika kama umevaa. Na ya buluu, ya sufu iliyofumwa, nayo kaileta Usi, ina mkanda mweupe na kifungo cha shaba. Hii ndiyo kipenzi. Ikirowa huwa nzito kama mtoto aliyelala, na haikauki mpaka siku mbili.

Kanuni: moja mwilini, moja kambani, moja imepumzika. Nguo ikipumzika hupata nguvu. Na mtu vilevile. Nimepumzika mpaka maji yakajaa.

Nikaenda na nyeusi. Nimeingia na kikoi, kama mtu mwenye haya zake. Maji yalipofika kiunoni nikakivua ndani kwa ndani, nikakitupa ngazini. Safari ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu nikageuka chali kidogo nitazame mawingu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, masikio yamezama, dunia nzima kimya. Wingu moja lilikuwa na umbo la birika. Nikamuona Mwanakheir akinimiminia kahawa, mimi nimeegemea mto, nasema basi mama, imetosha. Nilipozinduka nimeshachukuliwa na mkondo mpaka karibu na Forodhani!

Muhiddin yeye alikuwa anamaliza ya kumi. Huyu ni mwalimu wa skuli, chupi anayo moja tu tangu nimjue, imepauka hata hujui ilikuwa rangi gani. Kila siku ile ile! Akaniuliza kwa adabu kama nimepotea. Simpendi.

Jumanne, 12 Februari

Hila ya halua. Nimemwalika Muhiddin kwangu saa moja kabla ya kuogelea. Kikapu kizima cha halua, na kahawa. Mtu mwenye halua tumboni atazama, nikasema.

Alikula karibu yote, akamsifu aliyepika, akaenda akaogelea safari kumi na mbili. Mimi nilikula kidogo tu, kwa heshima ya mgeni. Labda kidogo na nusu. Nimekaa ngazini nimeshika tumbo mpaka maji yakaanza kupwa.

Narudi nyumbani, napanda darini, kamba ina nafasi wazi. Kunguru! Katua juu ya paa la jirani, nyekundu yangu iko mdomoni, ananitazama. Nimempigia kelele, nimempiga kwa ndala, nimemsihi. Karuka nayo kuelekea Malindi. Ilivyokuwa nyepesi, ilipepea vizuri sana hewani. Nilisimama nikaitazama mpaka ikapotea.

Mama, Bi Kazija, kasema ungekuwepo ukuta wa nne kunguru asingeingia. Nimemwambia kunguru ana akili, angepita mlangoni.

Alhamisi, 14 Februari

Jedwali limeharibika. Chupi mbili haziwezi kwenda zamu tatu. Nimelichora upya mara nne, asubuhi yote. Wateja wawili wamekuja wakaondoka.

Uamuzi: nyeusi nitafanyia mazoezi, ya buluu ipumzike mpaka Jumamosi ipate nguvu zote.

Balaa jengine. Mama kaniuliza hicho kijinguo cha sufu nilichokikunja kwenye karatasi ya shashi ni cha nini. Nikamjibu kwa mkato kwamba posa yangu yote imekaa humo. Basi! Mama mambo ya posa hayachukulii mzaha. Nilipotoka kwenda baharini alikoka makaa ya chetezo, akafunika tenga juu yake, akaitandaza chupi juu ya tenga, akaifukiza udi kama anavyofukiza nguo ya harusi. Kaifukiza kweli kweli. Kisha akaiwekea asumini.

Nimerudi nikaisikia harufu tangu kwenye ngazi za chini. Jamani! Nimeizika pua ndani yake, nikaona ukumbi, taa, mazulia, Mwanakheir kakaa chini kainamisha macho. Mama akanigutusha. Kasema cheche imeruka, imetoboa kidogo kwa nyuma. Nimeangalia. Kitundu kama choroko, na kijiuzi kimechomoza. Kasema niitie uzi leo leo, si nyuzi zimejaa dukani?

Nitaitia kesho.

Ijumaa, 15 Februari

Ijumaa. Leo ni siku ya sala na kupumzika. Na ya kutazama nje kutoka chumba cha darini, mahali ambapo wengine wangeweka ukuta. Kitundu hakikui kwa siku moja.

Jumamosi, 16 Februari

Mikono haishiki kalamu vizuri. Lakini lazima niandike.

Saa kumi na nusu, maji yamejaa pomoni. Watu wamejaa ngazini. Madirisha ya kijani yamefunguliwa kidogo, kiasi cha macho. Jecha amesimama juu na kanzu yake, tasbihi mkononi ya kuhesabia. Nikavua kikoi majini, nikakitupa. Tukaanza.

Safari ya kwanza nilikuwa mbele! Nilisikia harufu ya udi ikinifuata juu ya maji. Ya nne nikaanza kuota, nikajifinya. Ya saba, nikigeuka kwenye boya, nikahisi kitu kimenishika nyuma, polepole, kama mkono wa mtu anayetaka kuniambia jambo. Sikuangalia. Nikarudi. Nikawa najisikia mwepesi. Mwepesi zaidi. Nikadhani hizo ndizo nguvu za kupumzika!

Ya nane nikatazama chini. Uzi wa buluu umenasa kwenye kutu ya boya, unanyooka kutoka huko mpaka kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa naufumua kwa bidii yangu mwenyewe. Ya kumi ilipokwisha nilibaki na mkanda mweupe na kifungo cha shaba.

Hapana tabu, nikasema, kikoi kipo. Hakipo! Muhiddin kamaliza wa kwanza, kikoi chake kimerowa, kajifunga changu, kaenda zake nyumbani kunywa chai.

Nikatazama ngazini. Watu. Nikatazama madirishani. Macho. Nikageuka nikarudi kwenye boya.

Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Watu wakaanza kunipigia makofi. Wakiniita nitoke, nawapungia mkono naendelea. Ya kumi na tano nililia kidogo, majini hakuna anayejua. Jua likawa linazama na bahari yote imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kwa kitambo nikasahau aibu, mikono ikaenda yenyewe, nikawa na furaha ambayo sijui ilitoka wapi.

Ikaadhiniwa Magharibi. Watu wakaondoka. Madirisha yakafungwa. Jecha peke yake kabaki, kashuka mpaka ngazi ya mwisho. Akasema kwa sauti ya chini, “Msabah, basi. Kumi na tisa. Nshakuona.” Nikamwambia siwezi kutoka. Akautazama ule uzi unaoelea, akanitazama mimi. Aligeukia ukutani, akafungua kikoi chake alichokivaa ndani ya kanzu, akanipa.

Kasema wazee waje Ijumaa baada ya Alasiri, na barua ya posa. Nimelia tena, nchi kavu safari hii.

Ijumaa, 22 Februari

Wazee wako barazani tangu sala ya Alasiri. Wameshakunywa kahawa mara mbili. Barua bado.

Si uvivu! Wiki nzima nimeandika barua tatu, kwa zamu. Moja naandika, moja inakauka wino, moja imepumzika. Iliyopumzika ndiyo nzuri kuliko zote. Imefika hapa: “Kwa heshima na taadhima naomba kumuoa dada yako Mwanakheir, na naahidi kwamba nita...” Hapo nikatazama nje, kulikuwa na wingu.

Mama kaingia, kaikwapua mezani, kawapa wazee, wameondoka nayo. Nimewakimbilia mpaka kona na kalamu mkononi. Nimechelewa. Moyo wangu hauna pa kukaa. Jecha ataisoma na kusema, nilijua.

Jumamosi, 23 Februari

Barua imerudi! Imefungwa kwa ule uzi wa sufu wa buluu, umeoshwa kwa maji baridi, umekaushwa, umesokotwa vizuri.

Mama kasimulia alivyosikia kwa wazee. Jecha kasoma, kafika pale, kageuza karatasi nyuma, hakukuta kitu. Kavuta pumzi ndefu. Mwanakheir, aliyekuwa nyuma ya pazia, kanyoosha mkono kaomba barua, na kalamu.

Nimeifungua. Pale nilipoishia, “naahidi kwamba nita”, umeendelea mwandiko mwengine, mdogo, ulionyooka: “jenga ukuta wa nne kabla ya harusi.” Chini yake Jecha kaandika: “Tumekubali.”

Nimelala chali darini, barua kifuani, natazama mbingu pale ukuta utakaposimama. Nitaujenga, wallahi. Naanza leo leo.

Ila kwanza vifaa. Mwiko wa kujengea hauwezi kuwa mmoja. Ukirowa lazima upumzike. Nimemwandikia Usi aniletee mitatu. Jedwali nimeshalianza.