Malalamiko Kuhusu Mafunzo ya Kupanda

Ngenge, Muleba
Mkoa wa Ziwa Magharibi
3 Septemba 1974

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mkulima wa kijiji cha ujamaa na si mtu wa kulalamika. Hata redio ya kijiji ilipokufa nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Tangazo lilibandikwa ofisini kwetu: Mafunzo ya kupanda kwa wanaoanza, ndani ya ghala, Miembeni, Bukoba, kila Jumamosi. Miche yetu ya kahawa mwaka jana ilikauka yote, na mvua za vuli zimekaribia. Mkutano wa kijiji ukanichagua mimi nikajifunze. Nilikwenda na jembe na miche ishirini kwenye gunia bichi. Yaliyonipata ni haya:

1. Kinachopandwa ni ukuta. Mwalimu Datius, kijana aliyerudi juzi kutoka masomoni Ulaya, amepachika mawe kwenye ukuta wa ghala kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa, na watu wazima wanauparamia. Kama neno kuparamia lipo, kwa nini halikuandikwa kwenye tangazo?

2. Niliuliza shimo liwe na futi ngapi. Mwalimu akasema kwa upole nisiwaze mashimo, nitazame juu. Nikaandika kwenye daftari, nikidhani ni utaalamu mpya. Nimeandika pia: tegemea miguu kuliko mikono, usikumbatie ukuta, usisahau kupumua. Kurasa tatu.

3. Nilifungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa mnadani, mimi baba wa watoto sita. Aliyeishika kamba ni Bi Padma, mke wa mwenye duka la vitambaa hapo jirani. Sina ugomvi naye. Lakini yeye alitangulia, akaikaza sari yake, akagusa kenchi na kushuka bila tone la jasho. Mimi kwenye jiwe la nne niliukumbatia ukuta. Nikaomba kushushwa, naye akanijibu kwamba bado nina nguvu. Alijuaje?

4. Chama kimetufundisha kwenda pamoja. Pale anapanda mmoja, na wengine kazi yao ni kutazama nyayo zake. Huo ni ubinafsi mtupu. Napendekeza tupande kijiji kizima kwa mara moja. Kama hilo ni gumu, ukuta ulazwe chini, ili kila mwananchi afike mwisho bila kumwacha mwenzake.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili hii, baada ya misa, watu wote watakusanyika kunisikiliza. Walinichagua mimi wakamwacha Byabato, ambaye kahawa yake ni nzuri kuliko yangu. Nitawasomea nini? Wapumue? Naona aibu, Ndugu Mhariri, na tangu nirudi napita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu.

Kwa hiyo naomba ghala hilo lifungwe mara moja, mawe yang'olewe, na Bwana Shamba atumwe Ngenge kabla ya mvua.

Nisalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti wote wa Bukoba, na Bi Padma kama huwa anasoma gazeti hili. Ajue sina kinyongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Damian Karugendo

Baada ya kusaini: Barua hii imechelewa kwa kukosa stempu, na mkutano umeshafanyika. Niliwaambia ukweli. Walicheka hadi Byabato akalazimika kukaa chini. Kisha wakaniuliza ukiwa juu kabisa unaona nini, nami nikakiri kwamba niliishia jiwe la nne. Mkutano umepiga kura nirudi Miembeni nikafike juu, nilete taarifa kamili. Kwa hiyo tafadhali ghala lisifungwe kabla ya Jumamosi.