Simu Arobaini na Moja za Gredi ya Sita

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mkuu wetu, Madam Njambi, ametangaza makubwa. Ijumaa Mzee Kagiri, mwenye shule na nusu ya ploti za Kawangware, anakuja kuona tunavyofundisha kwa simu. Atakayemfurahisha anakuwa naibu mkuu. Naibu! Mimi Muia, miaka tisa nikimeza vumbi la chaki! Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Wangeci wa Kiswahili. Nimemuuliza ana simu ngapi. Ati moja, yake, inatosha. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumanne, 6 Mei
Nimeandikia grupu la wazazi: Alhamisi na Ijumaa kila mtoto aje na simu ya nyumbani. Nzembi, mamake Ndanu, akauliza mabosi anaowafulia nguo watampataje. Asipopigiwa hafui, asipofua hawali. Nikamjibu elimu ni ufunguo wa maisha. Akasema sawa mwalimu. Hapo ndipo uongozi huonekana.

Alhamisi, 8 Mei
Simu arobaini na moja! Za kugusa ni tano. Zilizobaki ni kabambe za vibonye, hazina hata kamera. Nimevunjika moyo dakika mbili hivi. Kisha nikaona: kila kabambe ina tochi! Somo sasa ni Sayansi, nuru na vivuli. Kasoro moja, zinalia. Mtoto wa Muiruri, fundi wa mabomba, ameahidi wateja watatu kwamba babake yuko njiani. Kesho laini zote zinatolewa. Akili ni mali.

Ijumaa, 9 Mei
Laini zote nilikusanya kwenye kikombe changu cha chai. Kimya! Nikaziba madirisha kwa blanketi. Tochi zikawaka, sungura wa vivuli wakaruka ukutani. Mzee Kagiri akapiga makofi. Nikaanza kujiita naibu kimoyomoyo.

Kisha nikamimina laini mezani. Zinafanana kama maharagwe. Ipi ya nani? Sikuwa nimeandika jina hata moja. Kufikia saa tano wazazi walikuwa wamejaa getini wakidai simu zao. Muiruri aliniita majina ambayo sitayaandika hapa.

Aliyetuokoa ni Wangeci, nakiri kwa uchungu. Akawa anapachika laini moja moja kwenye simu yake, anabipu simu ya Mzee, Mzee anasoma namba kwa sauti, na mtoto anayeijua namba ya kwao anaruka. Wote wamezikariri! Mzee alifurahi kama mtoto wa nasari. Akasema somo la simu ndilo hili, akamtangaza naibu papo hapo.

Laini ya Nzembi ilipatikana saa tisa. Ujumbe ukaingia: bosi wake wa Riruta, aliyemfulia kila Ijumaa miaka minne, ameshapata mwingine. Nzembi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, hiyo ndiyo ilikuwa ya chakula." Niliona aibu, aibu ya kweli.

Jumapili, 11 Mei
Nimetafakari muda wote mahubiri yalipokuwa yakiendelea. Kosa si langu. Kosa ni la simu, kwa sababu zina laini. Televisheni haina laini! Nimeandikia grupu: kesho kila mtoto aje na televisheni ya nyumbani. Madam Njambi bado hajampa Wangeci barua ya cheo, kwa hivyo mlango haujafungwa. Nzembi ametoka kwenye grupu. Mtandao wa wikendi huwa na shida.