Vita vya Bi Taratibu na Seva Pacha

Njooni, wenye masikio na wenye nafasi! Wekeni vikombe chini, zimeni redio, mpate habari za Bi Taratibu, fundi wa kompyuta wa hospitali, simba jike mwenye sweta la kijivu, na vita alivyopigana saa nne asubuhi hali ameketi kitini.

Katika chumba chenye baridi ya kung'ata meno zilikuwako seva mbili pacha, kompyuta kuu, walinzi wa picha zote za mifupa ya wagonjwa. Moja ikifanya kazi, ya pili hukesha. Ikianguka hii, huinuka ile, wala mgonjwa asijue. Lakini asubuhi hiyo, ole, hifadhi ya picha ilijaa pomoni! Mpiga picha za mifupa akaja mbio, akaugonga mlango mfano wa tarishi wa vita.

"Ewe mama wa mitambo! Imebaki nafasi ya picha tatu, na nje wanangoja watu kumi na saba!"

"Tulia, kaka," akanena shujaa. "Diski mpya zimo tayari. Naingia."

Akakunja mikono ya sweta. Vidole vikaishukia kibodi kama mvua ya mawe juu ya bati; akamega pande nono la hifadhi kutoka ghala la diski, akalipa jina, akalikabidhi kwa seva ya kwanza. Likapokelewa! Mpiga picha akapiga vigelegele, mwanamume mzima.

"Bado," akasema Bi Taratibu. "Mlinzi asiyejaribiwa ni sanamu." Akaiamuru ya kwanza ipumzike, ya pili ishike zamu.

Ya pili ikagoma. Herufi nyekundu zikatangaza: hifadhi haionekani. Picha zikatoweka jengo zima! Na papo hapo simu ikalia, mama mkwe.

"Mwanangu, umekunywa chai?"

"Mama, niko vitani!"

"Vitani na tumbo tupu?"

"Nitakupigia, mama!"

Jasho likamtiririka mle barafuni. Akapekua mstari kwa mstari, moyo ukidunda kama mchi kinuni, hata akaliona kosa: hifadhi mpya aliitambulisha kwa pacha mmoja tu, wa pili hakuambiwa neno, naye mgeni asiyemjua hamfungulii mlango.

"Kosa langu, baba," akaibembeleza seva. "Usinune. Huyu ni mwenzetu."

Akaandika amri moja fupi, akabonyeza. Sekunde tano. Tisa. Mpiga picha akafumba macho. Ya kumi na mbili, taa ikawaka kijani! Picha zikarejea zote, isipotee hata ya ukucha.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa! Mkuu wa hospitali alipopewa habari aliuliza tu, "Kwani ilikuwa imejaa?" Lakini mpiga picha alitoka hadi ukumbini walikongoja wagonjwa, akanguruma, "Enyi watu, nafasi imepatikana!" Na wote kumi na saba wakashangilia kwa kishindo, ingawa hakuna aliyejua nafasi gani, na mzee mwenye mguu uliovimba akasimama kwa heshima juu ya ule mzima.