Kuhusu Jiwe Mnaloliita la Mwasisi

Kwa Ndugu Katibu,
Klabu ya Gofu ya Ufukweni.

Salamu kwako na kwa wote mlio ndani ya uzio. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yenu ya kutuomba sisi majirani tusome rasimu ya kitabu cha historia ya klabu ilinifika mwanangu akiwa na siku tisa. Sasa ana meno manne, na ameyajaribu kwenye kona ya ukurasa wa tatu wa rasimu ninayoirudisha, kama utakavyoona. Nimeandika vipande vipande, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine ukibembeleza, kwa hiyo hata hasira yangu imekuja kwa vipande.

Nimemsomea Bibi yangu, aliyenilea, kitabu chote. Macho yake yanamuaga. Masikio yapo, na ulimi upo zaidi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mmeandika kwamba kabla ya klabu hapa palikuwa na "matete na mbu tu". Bibi alizaliwa pale mlipochimba shimo la saba. Ameniagiza nikuulize, kwa adabu, kati ya hivyo viwili yeye ni kipi.

2. Ukurasa wa tano kuna picha ya Jiwe la Mwasisi, lenye kibao cha shaba, na maelezo kwamba bonde lililolika juu yake lilitokana na mwasisi wenu kukaa hapo kila jioni akiiwaza klabu. Ndugu Katibu, Bibi alimwona mzee huyo. Anasema, "Yule? Blanketi bichi lilimzidi uzito." Bonde lile ni kazi ya mama yake Bibi, na ya mama wa mama huyo, kwa kufua. Kalio halichimbi jiwe. Nguo huchimba.

3. Njia yetu ya kwenda ziwani mmeifunga, ila mipira yenu hamjaifunga. Wiki iliyopita mmoja ulitua kwenye beseni langu la nepi. Mchezaji akasimama upande wenu wa uzio akaniambia, "Mama, usiuguse, bado unachezwa." Nikasubiri. Nepi nazo zikasubiri. Basi kama uwanja wenu unafika mpaka kwenye beseni langu, beseni langu nalo lina haki ya kufika ziwani.

4. Kanuni ya tisa, mliyoichapa mwisho wa kitabu, inasema kila aliyelitumia jiwe lile kabla ya uzio ni mwanachama mwasisi, na uzao wake huingia bila kuulizwa barua ya maombi. Najua aliyeiandika alikuwa anawafikiria wanawe. Lakini kanuni haichagui sura. Kwa hiyo mama yake Bibi ni mwanachama nambari moja, Bibi anafuata, nami pia nimo, na huyu mwenye meno manne ana haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Kupiga anajua, liulizeni shavu langu.

Gofu hatuitaki. Shida yetu ni hii. Katika nyumba yetu, nguo ya kwanza ya mtoto hufuliwa juu ya jiwe lile. Ya mama yangu, Bibi aliifulia hapo. Yangu aliifulia bombani, kwa sababu ya uzio, na mpaka leo nikikosea jambo analisingizia bomba. Daktari amesema macho yake hayatafika mwisho wa mwaka. Bibi anataka kuifua ya mwanangu, tuliyoiweka bila kufuliwa, angali anaona povu.

Nisalimie Mwenyekiti, wahudumu wote, na yule bwana wa nepi. Mwambie mpira wake umekauka.

Ni mimi jirani yenu,
Mama wa nyumba ya pili kutoka kwenye uzio.

N.B. Nimemsomea Bibi barua hii kabla ya kuifunga. Akauliza kama jiwe la kwenye picha lina ufa. Nimetazama: lina ufa, toka juu hadi chini. Bibi amecheka mpaka mtoto akaamka. Anasema letu halina ufa. Lenye ufa ni lile walilokuwa wakiogeshea punda, na bonde lile ni la kwato.

Kwa hiyo lalamiko la pili nalifuta, na samahani kwa habari za kalio. La nne, kanuni ikisomwa kama mlivyoiandika, waasisi wenu ni punda, na uzao wao huingia bila barua. Hilo nawaachieni ninyi na mkutano mkuu.

Baba mtoto, ambaye hukata nyasi kwenu, anasema kuna jiwe jingine, bapa, lenye bonde, lisilo na ufa, kwenye mlango wa nyuma wa jiko lenu. Wapishi hufutia viatu juu yake. Uanachama basi hatuuhitaji tena. Tunachohitaji mtuletee ni: kibali cha asubuhi moja, kabla mwezi huu haujaisha, cha watu wawili na mtoto, ndoo mbili za maji ya ziwa, kigoda kimoja, kwa kuwa Bibi hawezi kuchuchumaa tena, na neno lako kwa wapishi, siku hiyo wapitie mlango wa mbele.

Sabuni tunayo.