Pointi Sitini na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Zimebaki siku tano. Jumamosi ni mbio za nyika za mwisho msimu huu. Leo mkuu wa chuo ametuita wakimbiaji wote watano kwenye karakana ya ushonaji, katikati ya vyerehani, akatutangazia: tusipoingia tatu bora, mwakani hakuna timu. Saa ya mazoezi itakuwa saa ya kushona vifungo.

Wenzangu waliguna. Mimi nilitaka kulia. Saa ile ni yangu! Mama mdogo anampakata Kidoti wangu wa miezi saba, na kwa saa nzima hakuna anayeninyonya, anayenivuta nywele wala anayeniuliza chumvi iko wapi. Upepo tu na miguu yangu.

Hapana. Timu haifi. Nina mpango. Yaani, nitakuwa nao.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kuusoma tena ubao wa matangazo. Mbio zilizopita: Swala, wa tatu, pointi tatu. (Tunamwita Swala kwa ajili ya miguu. Na maringo.) Wale mapacha, wa kumi na mbili na wa kumi na tano. Twiga, yule mrefu, wa ishirini, pointi ishirini. Mimi, wa sitini na moja, pointi sitini na moja!

Nimejumlisha mara mbili. Nawazidi wote wanne wakiwekwa pamoja! Na bado anayebebwa juu juu ni Swala.

Halafu kuna ile sheria: tunakimbia watano, wanahesabiwa wanne wanaotangulia kufika. Pointi zangu zinatupwa jalalani! Nimemwambia kocha hiyo ni dhuluma. Akaniangalia sana, akasema, Mama Kidoti, wewe mshukuru Mungu tu. Swala akadakia eti nizidi kuwawekea akiba. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Wivu huo.

Jumatano, tarehe 5

Mpango umekuja nikinyonyesha. Mipango yangu mizuri yote huja hapo.

Ni hivi. Swala anahesabiwa, na anatuletea pointi tatu za kutia aibu. Dawa yake apunguze mwendo. Akifika wa arobaini, tunavuna arobaini! Wala si kumdhuru. Ni kumsaidia atusaidie. Na nani kapewa bukta za timu akazibadilishe mpira wa kiuno? Mimi!

Alhamisi, tarehe 6

Bukta ya Swala nimeibana mapajani, inchi mbili kila mguu, mshono mara mbili. Mwalimu wa ushonaji akapita, akaupapasa, akasema mshono huu haufumuki hata kwa meno. Sijawahi kusifiwa tangu nianze chuo! Nikamwonyesha Kidoti. Alitaka kuula.

Mazoezini Swala akambeba Kidoti nikifunga viatu, akamwimbia mpaka mtoto akatoa povu kwa kicheko. Roho ikanichoma. Nikajiambia, ni kwa faida yake.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa. Kocha amezifua bukta zote pamoja, kazianika kamba moja, kesho anagawa. Zote za bluu. Nikamuuliza kama zina majina. Akaniuliza tangu lini bukta ikabatizwa.



Jumamosi, tarehe 8

Bukta ile alipewa Twiga! Nilimwona akitembea nayo kama aliyevaa foronya. Nikajifanya nafunga viatu. Ningesema nini?

Mbio zikaanza. Mimi niliingia kazini moja kwa moja: nilijirudisha nyuma, nakusanya pointi. Kila mpinzani aliyenikaribia nilimpisha. Karibu dada, pita. Na wewe pita.

Mzunguko wa pili, kwenye mtaro, Twiga alikuwa mbele yangu. Akaruka. Miguu ikakataa kuachana. Akatua kwenye tope kwa makalio. Mshono haukufumuka! Kitambaa ndicho kilichochanika, nyuma, kutoka kiunoni hadi chini. Akakaa kwenye tope, akasema hasimami hapo mpaka Kiyama.

Kocha akaja mbio kando ya kamba. Akapiga kelele kwamba sasa ninahesabiwa mimi, nikimbie, nipunguze pointi!

Nikasimama. Nikamuuliza kwa heshima zote, mwalimu, tangu lini pointi zinapunguzwa?

Akashika kichwa. Akasema namba unayofika nayo ndiyo pointi yako, na timu yenye pointi chache ndiyo inayoshinda. Akauliza msimu mzima nilidhani tunafanya nini humu.

Niliiona saa yangu ikigeuka vifungo. Na hapohapo, kutoka kwenye utepe wa mwisho, nikamsikia Kidoti. Kilio cha njaa, nakijua hata katikati ya soko. Maziwa yakashuka, fulana ikalowa.

Nikatimua! Wale wote niliowakaribisha, niliwafuata mmoja mmoja. Samahani dada. Naomba nipite. Mtoto analia. Wengine walinipisha kwa huruma. Nilikatiza utepe, nikampokonya mama mdogo mtoto, nikakaa kwenye nyasi kando ya meza ya waamuzi, nikanyonyesha huku nikihema kama mvukuto. Mwamuzi akataka kuniandika. Nikamwambia asubiri zamu yake.

Wa thelathini na tatu!

Wakatangaza: timu yetu ya tatu, kwa tofauti ya pointi moja. Swala, aliyefika wa pili, akatunyanyua wote wawili, mimi na Kidoti, na Kidoti hakuachia titi.

Jumapili, tarehe 9

Msimu umekwisha. Viatu vimekauka dirishani na tope lake, sina moyo wa kulikung'uta. Tutakimbia mwakani. Kila nikikumbuka nacheka peke yangu, na Kidoti anacheka kwa kuniona.

Twiga alikuja kutusalimu. Anasema akimpata aliyeibana bukta ile, atamshona mdomo. Nimemuahidi kumsaidia kumtafuta.

Jumatatu, tarehe 10

Nimeelewa sasa. Pointi chache ndio ushindi. Nimekaa nimepiga hesabu vizuri.

Swala, kwa mbio zake zote na maringo yake yote, alileta mbili. Lakini mama mdogo, aliyekaa kwenye nyasi, alileta ngapi? Sifuri! Kidoti? Sifuri! Mkuu wa chuo, na kitambi kile? Sifuri!

Tumehangaika bure msimu mzima! Mwakani siku ya mashindano timu nzima tukae chini. Sifuri mara nne ni sifuri. Nani atatushinda? Na saa yangu ya mazoezi inabaki palepale, nakimbia kwa raha zangu.

Nimeshakata kitambaa cha bukta mpya. Pana, za kukalia. Kesho asubuhi namwahi kocha, kabla Swala hajaligundua hili akajifanya ni lake.